Strikemaster: Jeti ya Kwanza ya Kenya na Mikono Iliyoifufua

Leo nataka tuzungumze juu ya ndege ambayo baadhi ya wazee wetu waliiona kwa macho, wachache wakaishika kwa mikono, na vijana wengi hawajapata hata kuisikia ikitajwa. Inaitwa Strikemaster. Ndiyo jeti ya kwanza ya kijeshi ambayo Kenya ilipata kuimiliki.

Jeshi letu la Anga lilizaliwa Juni 1, 1964. Lilianza na ndege za rafadha: Chipmunk za kufundishia marubani, Beaver na Caribou za kubebea watu na shehena. Mwaka 1971 zikaletwa Strikemaster 6 kutoka Uingereza. Kwa umbo haikuwa ndege ya kutisha. Ilikuwa fupi, pua butu, mabawa yamenyooka, na marubani wawili walikaa bega kwa bega kama dereva na utingo. Injini moja tu, imefichwa kiunoni. Lakini kwa kijana aliyeondoka kijijini kwao akaandikwa kazi ya ufundi jeshini, ilikuwa dunia mpya kabisa. Injini ya pistoni alishaizoea, ni ndugu wa ile ya lori. Hii inavuta hewa mbele, inaibana, inaichanganya na mafuta yanayofanana sana na mafuta ya taa, inaichoma, kisha inaitema nyuma kwa nguvu. Kila alichofundishwa kuhusu kusikiliza injini ilimbidi ajifunze upya.

Sasa swali ni hili: ndege hizo zilikwenda wapi? Mwaka 1988 kadhaa kati yake ziliingia katika jeshi la Botswana, zikakutana huko na nyingine za aina hiyohiyo zilizotoka Kuwait. Botswana ikazitumia mpaka miaka ya 1990, ilipojipatia jeti za F-5 kutoka Canada. Strikemaster zikauzwa tena, safari hii kwa watu binafsi Uingereza, nchi ileile zilikoundwa. Huko zilifunguliwa, zikasafishwa, zikapewa usajili wa kiraia, na baadhi yake zikaruka upya mbele ya watu waliokata tiketi kuja kuziangalia.

Kwa hiyo, msikilizaji, ndege zilizowafundisha vijana wa Kenya kurusha jeti zimewahi kupigiwa makofi na umati wa Waingereza, zikiwa na rangi za Botswana. Mimi hili linanigusa sana. Siwalaumu waliozinunua, wao ndio waliozinusuru zisikatwe kuwa chuma chakavu. Ninachoumia ni kwamba sisi tuliziacha ziondoke kimya kimya, na pamoja nazo tukaacha kumbukumbu ya watu wetu waliozihudumia.

Turudi nyuma kidogo, kwa sababu historia ya injini yake peke yake inatosha kumfanya mtu avute kiti. Strikemaster ilitokana na ndege ya mafunzo iliyoitwa Jet Provost, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1954. Strikemaster yenyewe ikaruka Oktoba 1967. Zote mbili zilitumia injini iitwayo Viper. Viper hiyo ilibuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Jindivik, ndege isiyo na rubani iliyotengenezwa Australia ili itumike kama shabaha ya mazoezi. Ndege ya shabaha hurushwa ili itunguliwe, basi nani atahangaika kuiwekea injini ya kudumu? Viper ikatengenezwa kama kitu cha kutumia na kutupa, ifanye kazi saa chache tu halafu basi. Wahandisi walipoiangalia vizuri wakaona mashine rahisi namna hii, yenye sehemu chache, inaweza kuimarishwa. Wakaiimarisha. Injini iliyobuniwa iishi saa kumi hivi imefikisha zaidi ya miaka 70, na hivi tunavyozungumza bado kuna Viper zinazonguruma angani.

Wengi mnaonisikiliza mna jamaa Oman. Kuna mashangazi wetu Muscat wanaopiga simu kila Ijumaa, na kuna wajomba walioondoka Unguja, Pemba na Mombasa baada ya Sultani Qaboos kushika madaraka Julai 1970, wakaingia katika polisi, jeshi na ofisi za serikali huko. Hao nao wanaijua Strikemaster. Oman ilianza kuzipokea mwaka 1969, wakati wa vita vya Dhofar. Julai 19, 1972, mji mdogo wa Mirbat ulishambuliwa alfajiri na wapiganaji waliowazidi sana walinzi kwa idadi. Mawingu yalikuwa yametanda chini, kama yanavyotanda Dhofar kila msimu wa khareef, upepo uleule wa kusi ambao huku kwetu Pwani huwafungia wavuvi kazi. Marubani wa Strikemaster waliruka kutoka Salalah, wakapita chini ya mawingu hayo karibu na uso wa bahari, na kufika kwao kulisaidia kuyageuza mapambano. Moja ya ndege za Oman, yenye namba 425 ubavuni, iko Uingereza, imefufuliwa, na imekuwa ikirushwa kwenye maonyesho ikiwa bado na rangi za jeshi la Sultani. Imeonekana hata katika maonyesho ya ufukweni ya Southport, ambako watu hukaa kwenye mchanga na watoto wao, nyuso zimeelekea baharini.

Picha hiyo ya watu kwenye mchanga wakitazama baharini naomba muiweke kando. Tutaihitaji baadaye.

Kufufua ndege ya kivita ni kazi gani hasa? Watu hudhani ni kupaka rangi na kutia mafuta. Rangi huja mwisho kabisa. Kwanza ndege huvuliwa ngozi. Mifuniko yote hutolewa, viti hutolewa, injini hushushwa, na mafundi huingia na tochi na vioo vidogo vyenye mpini mrefu kutafuta kutu. Kutu ya alumini haina wekundu kama ya chuma. Ni unga mweupe unaochungulia kwenye kingo za ribiti, na anayeufahamu huuona kabla hajauona mwingine. Mipira yote ya kuzuia mafuta yasivuje hubadilishwa, kwa sababu mpira hukauka. Wajenzi wa vyombo wa Gazi na Vanga watanielewa haraka hapa: jahazi likikaa pwani miezi bila kuingia maji, mbao hukauka, kalafati hulegea, na siku ukilishusha linanywa maji kila upande. Ndege nayo ikiegeshwa huharibika kuliko ikiruka. Ndiyo maana wanaozitunza huwasha injini mara kwa mara hata kama hakuna safari.

Kisha huja kutafuta nyufa. Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo maisha ya watu yalipo. Kipande cha chuma kinachobeba bawa husafishwa mpaka kikang'aa. Hupakwa rangi nyekundu nyepesi kama maji, yenye uwezo wa kupenya penye upenyo mdogo kuliko unywele. Fundi husubiri. Halafu huifuta rangi yote, chuma kikarudi kung'aa kama hakijaguswa, kisha hupulizia unga mweupe juu yake. Kama kuna ufa, ile rangi iliyojificha ndani hunyonywa na unga, na taratibu hujitokeza mstari mwekundu, mwembamba, ulionyooka. Mstari huo ukiutazama huwezi kubishana nao. Ndege hairuki.

Nyufa hizi hutokana na uchovu wa chuma. Rubani anapoivuta ndege juu kwa ghafla, uzito wake na wa ndege nzima huwa kama umezidishwa mara 3 au mara 4, na bawa hupinda kidogo kisha hurudi. Mara moja si neno, na hata mara mia. Lakini chuma kina kumbukumbu, na siku ikifika hupasuka bila kutoa taarifa. Kwa hiyo ndani ya ndege za aina hii huwekwa kifaa kidogo kinachohesabu kila mara bawa lilipobebeshwa mzigo mkubwa. New Zealand nayo ilikuwa na Strikemaster, na uchovu huu wa mabawa ndio uliozifikisha mwisho wa kazi zao mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Dunia ilijifunza jambo hili kwa gharama kubwa, na Afrika Mashariki ilikuwa karibu sana na somo lenyewe. Mei 2, 1952, ndege ya kwanza ya abiria ya jeti duniani kufanya safari ya ratiba, Comet, iliondoka London kwenda Johannesburg. Ilipita Roma, Beirut, Khartoum, ikatua Entebbe, kisha Livingstone. Watu wa Entebbe waliiona jeti ya abiria kabla ya miji mingi mikubwa ya Ulaya na Marekani. Januari 1954 moja ya Comet hizo ilipasuka angani karibu na kisiwa cha Elba, nyingine ikafuata Aprili mwaka huohuo, na abiria wote wakafa. Wataalamu wa Farnborough walilitumbukiza bodi zima la Comet ndani ya tangi la maji, wakawa wanalijaza shinikizo na kulitoa, wanalijaza na kulitoa, wakiigiza safari maelfu, mpaka likapasuka mbele ya macho yao. Comet iliboreshwa, na kuanzia mwaka 1960 shirika letu la pamoja, East African Airways, lilirusha Comet 4 kati ya Nairobi na London. Kila fundi anayepaka ile rangi nyekundu leo anafuata somo la mwaka 1954.

Yote haya huhitaji mtu anayejua. Hapo ndipo nguvu ya hoja yangu ilipo. Uingereza walikuwa na ndege kubwa ya mabomu ya miaka ya 1950 iitwayo Vulcan, yenye injini 4 na bawa la pembetatu. Moja yao, XH558, ilifufuliwa kwa michango ya wananchi, watu wa kawaida wakitoa walichonacho, ikaruka tena Oktoba 2007. Kwa miaka 8 ikawa kivutio kikubwa cha maonyesho ya ndege nchini kwao. Kisha Oktoba 2015 ikatua mara ya mwisho. Makampuni yaliyokuwa yakiihakikishia usalama yalijiondoa, na miongoni mwa sababu kubwa ni kwamba wataalamu waliokuwa wakiifahamu mifumo yake walikuwa wanastaafu, na hakukuwa na wa kushika nafasi zao. Ndege ipo na mabawa yapo. Waliokwisha ni watu wenye ujuzi. Kama nchi iliyoiunda ndege ilifika hapo, sisi tusiokuwa hata na daftari la majina ya mafundi wetu tutafika wapi?

Maana mafundi tunao. Strikemaster za Kenya zilihudumiwa na Wakenya, Eastleigh na baadaye Nanyuki. Jeti za Hunter nazo, zilizoletwa mwaka 1974, zilikuwa na mafundi wake, kabla ndege kadhaa kati ya hizo hazijauzwa Zimbabwe. Walioanza kazi miaka ya 1970 wakiwa na umri wa miaka 20 na kidogo sasa wanakaribia miaka 70 au wameipita. Wamerudi makwao. Wanalima minazi na mihogo, wanaongoza kamati za misikiti na makanisa, wanakaa barazani. Jirani yao hajui kwamba mzee huyo anayetengeneza pampu ya kisima kwa waya na koleo aliwahi kusaini karatasi iliyoruhusu jeti kupaa.

Nadhani najua kwa nini wengi wao wamenyamaza. Agosti 1, 1982 baadhi ya wanajeshi wa Jeshi la Anga walijaribu kuipindua serikali. Marubani waliolazimishwa kwa bunduki kwenda kupiga mabomu walipaa kutoka Nanyuki, wakayadondosha kwenye msitu wa Mlima Kenya pasipokuwa na watu. Walifanya jambo la kishujaa. Lakini baada ya siku hiyo Jeshi lote la Anga lilivunjwa, likaundwa jingine likaitwa '82 Air Force, na jina la Jeshi la Anga la Kenya halikurudi mpaka mwaka 1994. Kwa muda wote huo, kusema hadharani kwamba wewe ulikuwa fundi wa jeti kabla ya 1982 kulikuwa kama kujitia matatani. Watu wasio na kosa lolote waliziweka picha zao chini kabisa ya sanduku. Naamini hiyo ni sababu mojawapo ya Strikemaster kuondoka bila kuagwa. Ni maoni yangu, na nayasimamia.

Miaka mingi imepita. Mwezi Mei 2022, jeshi lilipofanya maonyesho ya ndege katika Bustani ya Uhuru jijini Nairobi, familia zilijaa na watoto wakashangilia F-5 zikipita. Hamu ipo. Klabu ya marubani ya uwanja wa Wilson, Aero Club of East Africa, ipo tangu mwaka 1927. Kwa hiyo utamaduni wa kupenda ndege si mgeni Kenya. Lakini maonyesho yetu huonyesha ndege za leo. Za jana hazipo.

Na tuitazame hiyo F-5 yenyewe. Kenya ilianza kuipokea mwaka 1978. Maana yake ni ndege iliyozidi umri wa askari wengi wanaoihudumia, na bado imeendelea kufanya kazi. Ilitumika hata katika operesheni ya Somalia iliyoanza Oktoba 2011. Kuitunza ndege ya kivita kwa zaidi ya miaka 40 ni kazi ileile wanayosifiwa nayo wafufuaji wa Ulaya. Mafundi wa Nanyuki wanaifanya bila makofi. Injini yake ni ya ukoo wa J85, na ukoo huo una kisa chake. Messerschmitt 262 ya Wajerumani, jeti ya kwanza kuingia vitani kama ndege ya mapambano, mwaka 1944, ilikuwa na injini zilizochakaa baada ya saa 25 hivi, kwa kukosa metali zinazostahimili joto. Wamarekani walipoamua miaka ya karibuni kuunda upya ndege chache za aina hiyo ili ziruke kwenye maonyesho, waliziwekea injini za ukoo wa J85 ndani ya maganda yenye umbo la zile za zamani. Umati wa Berlin ukishangilia Messerschmitt inayopita, unachosikia kinanguruma ni binamu wa injini ya F-5 ya Nanyuki. Fundi wetu anayeijua J85 anaweza kufanya kazi katika karakana yoyote ya aina hiyo duniani.

Siku F-5 zitakapostaafu, na siku hiyo itafika, ninachoomba ni kwamba angalau moja isiuzwe wala kukatwa. Ikiwezekana iendelee kuruka. Ikishindikana kuruka, basi injini yake iwe inawashwa, mbele ya vijana wa vyuo vya ufundi, na fundi mzee awe amesimama pembeni anaeleza.

Hapa sasa naileta ile picha ya Southport. Agosti 22, 2015, Hunter moja iliyofufuliwa, ndugu wa zile zilizokuwa zetu, ilianguka kwenye barabara kuu karibu na uwanja wa Shoreham, kusini mwa Uingereza, ikiwa katikati ya maonyesho. Watu 11 wakafa, wengi wao wapita njia ambao hawakuja hata kuiangalia. Tangu hapo sheria za huko zilikazwa sana juu ya jeti za zamani kufanya michezo ya angani juu ya nchi kavu. Baharini ni afadhali: ikitokea hitilafu, chini hakuna barabara wala nyumba. Kwa mtazamo huo, ni wapi Kenya pana mahali panapofaa kuliko ufuko wa Diani? Mchanga wa kilomita nyingi, mwamba unaokata mawimbi, na bahari wazi ng'ambo yake. Uwanja wa Ukunda ni mfupi, ni wa ndege ndogo, lakini jeti haina haja ya kutua hapo. Itapaa Mombasa, kwenye njia yenye zaidi ya kilomita 3, na kwa dakika chache iko juu ya Diani. Kwa mwendo wa kilomita 600 kwa saa, ambao kwa Strikemaster si wa kujikaza, inakata kilomita 10 kila dakika: ukiiona Diani sasa hivi, baada ya dakika mbili na ushei wanaiona Msambweni. Na ikipita kilomita moja kutoka uliposimama, sauti yake huchukua kama sekunde 3 kukufikia. Kwa sekunde hizo ndege imeshasogea nusu kilomita. Mtoto atatazama upande sauti inakotoka, na ndege haipo hapo. Somo la fizikia la mwaka mzima limekwisha hapo hapo mchangani.

Lakini siwezi kusema hivyo halafu nisiseme habari ya wavuvi. Bahari ambayo mtu wa Nairobi anaiona tupu, si tupu. Kuna mitumbwi ya Mwaepe na Chale, kuna ngalawa, kuna akina mama wanaookota pweza maji yakitoka. Maonyesho yoyote yatafunga eneo hilo kwa saa kadhaa. Basi wavuvi walipwe siku yao, na walipwe kabla ya ndege kupaa, kupitia kamati zao za fukwe, ambazo zinajua nani anaingia baharini na nani haingii. Tarehe ipangwe wakati wa kaskazi, bahari imetulia na mbingu safi, na wakati ambao kasa hawatasumbuliwa na vishindo usiku. Saa za swala ziheshimiwe. Ndege isipite juu ya Kaya Kinondo; wazee wa kaya waulizwe mapema, waseme mpaka wao uko wapi, na mpaka huo uandikwe kwenye ramani ya rubani. Na mafundi wajiandae kuiosha ndege kwa maji baridi mara tu inapotua, kwa kuwa hewa ya chumvi ni adui mkubwa wa alumini, na haisubiri kesho.

Jambo jingine, na hili ni letu wenyewe hapa Kwale. Kuanzia Februari 2014 meli zilipakia bandarini Likoni madini yaliyochimbwa Maumba na Nguluku: ilmenaiti, rutaili na zirkoni. Uchimbaji ukakoma Desemba 2024. Madini mengi ya titani duniani huishia kwenye rangi nyeupe ya kuta na plastiki. Sehemu ndogo hufanywa metali, nyepesi, ngumu, isiyoogopa joto, na metali hiyo ndiyo inayotumika kuundia mapanga na vipande vingi vya ndani vya injini za jeti za kisasa. Kwa miaka 10 mchanga wetu umesafiri kwenda kwenye viwanda vya dunia. Mtoto wa Bwiti au Mwabungo aliyeona malori ya madini hayo kila siku hajawahi kuona injini ya jeti ikiwa imefunguliwa, aone kwa nini mchanga wa nyumbani kwao ulitakiwa. Injini moja kuukuu, iliyokatwa ubavu ili ndani kuonekane, ikiwekwa kwenye chuo cha ufundi hapa, ingemfunza zaidi ya hotuba nyingi. Gharama yake si kubwa kwa jeshi lenye injini zilizokwisha muda wake ghalani.

Oktoba 20, 2024 sherehe za kitaifa za Mashujaa zililetwa Kwale. Tuliwaheshimu waliopigania uhuru, na ilikuwa haki. Ningependa orodha hiyo iongezwe. Kuna mashujaa wa spana, watu ambao kwa miaka walikaa chini ya mabawa kwenye joto la Eastleigh na baridi ya Nanyuki, na kila rubani aliyerudi salama alirudi kwa sababu mmoja wao hakuridhika na ribiti moja.

Basi nawaita. Kama uliwahi kuihudumia Strikemaster, Hunter au F-5 za mwanzo, au kama baba yako, mjomba wako au mume wako aliwahi, nambari ya studio mnaijua. Pigeni, au njooni wenyewe. Tunataka kusikia ni nani aliyekufundisha kuisikiliza Viper, na ilikuwa inalia vipi ikiwa na ugonjwa. Tunataka kujua mlizipata wapi spea zilipochelewa kufika kutoka Uingereza, na mlifanya nini wakati hazikuja kabisa. Kama una picha, usiitume kwa mtu usiyemjua. Ije mkononi mwako, tuipige nakala, uondoke nayo. Semeni kwa Kiswahili, Kidigo, Kiduruma, Kikamba, au lugha yoyote mliyoizoea kazini. Kinasa sauti kiko tayari, na mtayarishaji wetu yuko ofisini kuanzia saa 3 asubuhi, Jumatatu hadi Ijumaa.